Mwezi moja ya filamu za aksio kwenye televizio: nani anazichagua, na sisi tunaona nini ndani yake?



Kwenye mkutano wetu wenye unakuja kuko swali moja lenye haliko la mchezo. Wazazi fulani wa hapa wameandika barua, na wanaomba umoja wetu uitie sahihi. Barua inaomba sali za video zikatazwe kabisa kuonyesha filamu za aksio. Sababu zao munazijua: watoto wanaacha kurudilia masomo, wanapigana njiani sawa vile waliona kwenye televizio, na vijana wa machimbo wanajipa majina ya makomando. Kati yetu wamoja wanasema: tutie sahihi leo leo. Wengine wanauliza: mtoto wa mchimbaji ako na furaha gani ingine jioni?

Mbele ya kutia sahihi ao kukataa, ni vizuri tujue ile kitu inatembea namna gani. Mimi ni mtu wa agronomia, siko mtu wa sinema. Lakini kwenye fakilte walitufundisha kwamba haupulizi shamba dawa mbele ya kujua mdudu anatoka wapi, anakula nini, na anarudia wakati gani. Njo maana mwezi wenye ulipita nilifuata sali moja ya karibu na soko, abonema moja kuanzia siku ya kwanza mpaka siku ya mwisho, na kadaftari mkononi. Nitaeleza mwezi kama ule unatengenezwa namna gani, nani anauchagua, na kwa nini nafikiri ile barua inapiga pembeni.

1. Mwezi wa sali hauanzi tarehe 1

Kwenye sali, mwezi unaanza siku yenye mwenye sali analipa abonema ya dekoda, na unaisha siku 30 nyuma yake. Kama franka zilipatikana tarehe 11, basi mwezi unaanza tarehe 11. Mara nyingi analipa wakati kuko mechi kubwa, juu mpira ndio unajaza viti. Filamu zinakuja kujaza siku zenye hazina mpira. Hilo ni jambo la kwanza la kuelewa: mwenye sali hanunui filamu. Ananunua siku 30, na ndani ya zile siku anapokea kila kitu chenye chaneli zimepanga. Akipenda, akikosa kupenda, menyu ni ileile.

Kisha kuko umeme. Sali yenye nilifuata inatumikisha pano za jua, na gurupe wakati mawingu yanazidi. Tufanye hesabu pamoja, sababu hiyo hesabu inaamua tunaona nini kuliko mapenzi yetu. Televizio ya kisasa ya inchi 32 inakula karibu wati 50. Dekoda inaongeza karibu wati 15. Jumla ni wati 65. Filamu mbili, pamoja na habari katikati, ni karibu saa tano: 65 mara 5 ni wati-saa 325. Pano moja ya wati 100, siku ya jua nzuri, inatoa karibu wati-saa 400, na sehemu inapotea kwenye nyaya na kwenye bateri. Kwa hiyo pano moja inatosha kwa filamu mbili, haitoshi kwa tatu. Siku ya mawingu inatoa nusu ao chini ya nusu. Bateri ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1200, lakini bateri za kawaida, zile za aina ya gari, ukizikamua zaidi ya nusu kila siku zinakufa haraka. Njo maana wakati wa mvua filamu ya pili inakatwa katikati na watu wanapiga kelele. Mwenye sali haiko mwizi. Ni jua lilikosa.

Tena kuko saa. Inchi yetu iko na saa mbili: Kinshasa inatembea nyuma yetu saa moja. Filamu kubwa ya jioni yenye inatangazwa saa mbili za usiku kwa saa ya Kinshasa, kwetu Maniema inaanza saa tatu, na inaisha kuelekea saa tano. Mtoto mwenye alikuja kuona filamu «ya jioni» anarudi nyumbani giza totoro. Muchunguze vizuri: sehemu kubwa ya kasirani ya wazazi inatokea hapo, kwenye saa, mbele hata ya kufika kwenye bunduki za filamu.

2. «Ile tuliisha kuonaka!»

Sauti hiyo niliisikia karibu kila jioni. Filamu moja ya Jean-Claude Van Damme ilirudia mara nne ndani ya ule mwezi, kila mara kwa saa tofauti. Watu wanafikiri ni uvivu wa chaneli. Hapana, ni biashara, na iko na kanuni zake.

Chaneli haimiliki filamu. Inakodi haki ya kuionyesha, kwa muda fulani na kwa idadi fulani ya mara. Ikiisha kulipa, inajaribu kutumikisha zile mara zote: moja usiku, moja asubuhi, moja mchana wa siku ya mungu, ili kila mtu mwenye alilipa abonema apate nafasi yake. Kwa mtu wa mji mkubwa mwenye kurudi kazini kwa saa yake, hiyo ni msaada. Kwa sali yenye watu walewale wanaingia kila jioni, inakuwa marudio.

Jambo ingine: filamu zinauzwa mara nyingi kwa fungu. Mwenye kutaka filamu moja kubwa anapewa pamoja nayo kumi ndogo zenye hakuomba. Munajua mama wa soko mwenye anakuuzia samaki mbichi na anaweka chini yake mbili za juzi? Ni vile. Zile za juzi zinapaswa nazo kuonyeshwa, basi zinapangwa mchana na usiku wa manane.

Na kwa nini nyingi ni za zamani? Sababu filamu inateremka ngazi. Inaanza kwenye majumba ya sinema, kisha inafika kwa wenye kulipa zaidi, na polepole inashuka kwa wenye kulipa kidogo. Kule Ufaransa hizo ngazi ziliandikwa kwenye mapatano ya mwaka wa 2022: Canal+ inangoja miezi 6 nyuma ya sinema, Netflix miezi 15, na televizio za bure miezi 22. Kila ngazi yenye inashuka, bei inashuka nayo. Filamu ya mwaka wa 1985 ao 1988 iko chini kabisa ya ngazi. Ni rahisi, na watu wangali wanaipenda. Kwa mtu wa chaneli, hiyo ni mbegu yenye inaota bila mbolea.

Mwishoni, wenye kuchagua wako wachache. Mwaka wa 2025 Canal+ ilimaliza kununua MultiChoice, wenye DStv. Kampuni mbili zenye zilikuwa zinagawanya sehemu kubwa ya televizio za kulipa za Afrika zikakuwa nyumba moja. Mimi mtu wa shamba naona hapo kilimo cha mmea moja. Ukipanda eka zote muhogo wa aina moja, siku mozaiki inaingia, inaingia kila mahali. Chaneli zikinunua mbegu moja kwenye duka moja, Kampene na Kindu na Bukavu tunakula sahani moja jioni moja.

3. Kwa nini mapigano, na sio kucheka?

Kichekesho kinakaa ndani ya maneno. Kichekesho cha Paris kikifika Pangi kimepoteza chumvi yake njiani. Lakini ngumi haina luga. Mtu akitupwa kwenye dirisha, mtoto wa miaka sita na mzee mwenye hakusoma wanaelewa siku moja. Njo maana tangu zamani filamu za mapigano zinasafiri mbali kuliko zingine. Enter the Dragon ya Bruce Lee ilitoka mwaka wa 1973, mwezi moja tu nyuma ya kifo chake, na mpaka leo kuko vijana hapa wenye kuiga sauti yake bila kujua alikufa mbele ya wazazi wao kuzaliwa.

Hata maneno kidogo yenye yanabaki, yanafika kwetu na Kifaransa. Hapa kuko jambo lenye wengi hawajui: sauti ya Rambo yenye tulikomaa nayo haiko ya Sylvester Stallone. Ni ya Mfaransa moja, Alain Dorval, mwenye alimpa Stallone sauti ya Kifaransa tangu Rocky ya mwaka wa 1976. Dorval alikufa Februari 2024. Mwezi wenye ulifuata akakufa Daniel Beretta, sauti ya Kifaransa ya Arnold Schwarzenegger. Mimi nilisoma habari ile nikaisikia sawa vile kifo cha jirani. Zile sauti mbili tulizijua kuliko sauti za mawaziri wetu.

Na Van Damme mwenyewe? Wamoja hapa wanabishana kama ni Mwamerika. Ni Mbelgiji wa Bruxelles, alizaliwa mwaka wa 1960, mwaka wa uhuru wetu. Bloodsport, yenye ilimfungulia mlango, ni ya mwaka wa 1988.

4. Wenye kushika filamu na kuisema upya

Kila mara abonema inapokwisha na franka hazijapatikana, sali haifungi. Inaweka kadi, na kwenye kadi kuko filamu za kutafsiriwa. Hapo sali inajaa kuliko siku za dekoda.

Munazijua: mtu anazungumuza juu ya filamu, anaeleza, anacheka, anamupa kila mtu jina la kwetu. Uganda njo chimbuko kubwa la hiyo kazi, na wenye kuifanya wanaitwa VJ. Rwanda wanaita agasobanuye. Dar es Salaam alijulikana sana Lufufu, jina lake kamili Derek Mukandala. Kenya kuko DJ Afro, mwenye maneno yake yanarudiliwa na watoto wa shule mpaka kwenye matatu. Hawa watu hawatafsiri neno kwa neno. Wanachukua filamu ya mtu mwingine na kuileta kijijini. Mwanajeshi wa Marekani anakuwa mtoto wa mtaa wenu, na shefu bandi anakuwa yule mwenye deni hataki kulipa.

Wengine walienda mbali zaidi. Kwenye mtaa wa Wakaliga, Kampala, mtu moja jina lake Isaac Nabwana alitengeneza filamu zake mwenyewe za mapigano, na bunduki za mbao na za vyuma vya kutupa, na kompyuta yenye aliunganisha mwenyewe. Who Killed Captain Alex? ilitoka mwaka wa 2010, na inasemwa kwamba ilikula chini ya dola 200. VJ Emmie anazungumuza ndani yake kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Leo inaonwa na watu wa dunia nzima.

Naleta hii habari kwa sababu moja. Barua ya wazazi inawaza kwamba filamu inaingia ndani ya kichwa cha kijana sawa maji ndani ya ndoo. Lakini pale kuko mtu wa kuisema upya, filamu inageuka. Watu wetu hawapokei tu, wanajibu.

5. Hii ugomvi ni ya zamani

Tusifikiri sisi ndio wa kwanza kuogopa. Mwaka wa 1945 serikali ya Wabelgiji ilitoa amri: Mukongomani hawezi kuonyeshwa filamu yenye haikupitishwa na tume ya serikali. Mzungu aliweza kuona. Mweusi alipaswa kuchaguliwa. Sababu yao iliandikwa vizuri, ya kulinda «wenyeji». Woga wao ulikuwa kwamba tutaona mzungu akipigwa, akilewa, akiiba.

Na watu waliona tu. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1950, kule Léopoldville, vijana walitoka kwenye filamu za makauboi na kofia, na mishipi mikubwa, na majina mapya. Walijiita Bill, kwa sababu ya Buffalo Bill. Walikuwa na luga yao, Hindoubill, na mitaa yao. Kulikuwa mabaya ndani yake: mapigano, na kuwatesa wasichana. Mwana-historia Mukongomani Didier Gondola aliandika juu yao kitabu kizima, Tropical Cowboys, mwaka wa 2016. Amri ya tume haikuwazuia. Mwenye alipata njia kwao ni padri moja wa Scheut, Jozef de Laet. Aliwaendea kwao, akakaa nao, akasema luga yao, mpaka wao wenyewe wakamuita Père Buffalo.

Amri ilishindwa, mtu wa kukaa nao alisikiwa. Muweke hiyo kwenye kichwa mbele ya kuchukua kalamu.

6. Rambo anamuambia nini kijana wa Kampene?

Sasa tufike kwenye roho ya mambo. Ndani ya mwezi ule niliona Rambo ya kwanza na ya pili kwenye juma moja. Wazazi wanaziweka ndani ya gunia moja. Lakini muziangalie vizuri.

Ya pili, ya mwaka wa 1985, ni sawa na Commando ya Schwarzenegger ya mwaka ule ule: mtu moja, bunduki moja, maadui kadha wa kadha wanaanguka, na yeye haanguki. Hapa tunasema «aktere hakufake». Watoto wanajua hiyo kanuni kuliko meza ya kuzidisha.

Ya kwanza, ya mwaka wa 1982, ni filamu ingine kabisa. Kijana mwenye alitumika jeshi la inchi yake kule Vietnam anafika kwenye kamji kadogo, kwa miguu, na mfuko mgongoni. Anatafuta tu chakula. Mkubwa wa polisi anamuona na nywele zake na nguo zake, anasema hapa hatutaki watu kama wewe, anamutosha mpaka inje ya mji. Kijana anarudi. Wanamufunga, wanamupiga, anakimbia ndani ya pori. Na pori ndiyo yenye inamujua. Ndani ya filamu ile nzima mtu moja tu anakufa. Mwishoni Rambo anaanguka chini analia mbele ya mkubwa wake wa zamani: kule vitani walimuamini na vyombo vya bei ya mamilioni, lakini hapa nyumbani hapati hata kazi ya kulinda magari.

Wandugu wenye diploma, mulisikia? Mtu mwenye alifunzwa, mwenye ujuzi, mwenye mji hauna nafasi naye. Mimi niko na lisansi ya agronomia, na nimetembeza dosie yangu kwenye ofisi moja mpaka mlinzi wa mlango anajua jina langu. Wakati ile sehemu ilipita, sali yote ilinyamaza. Mchimbaji moja pembeni yangu, kijana wa miaka kama makumi mbili, alisema polepole: «Njo sisi hawa.» Hakuwa anaangalia bunduki. Alikuwa anaangalia kufukuzwa.

Hiyo haiko mawazo yangu peke yangu. Mtafiti Paul Richards alifanya kazi kule Sierra Leone wakati wa vita yenye ilianza mwaka wa 1991, na mwaka wa 1996 alitoa kitabu juu ya vijana na pori ya inchi ile. Aliona kwamba Rambo ya kwanza ilipendwa sana na vijana, na wapiganaji pia waliitumikisha. Lakini vijana walisoma ndani yake hadithi ya mwenzao: mtu mwenye jamii ilitupa, na mwenye akili yake mwenyewe inamuokoa ndani ya pori. Kosa la wakubwa, ni kusikia tu kelele ya bunduki na kukosa kusikia lile lalamiko.

Hapo njo kuko hatari, na hapo wazazi wako na haki. Sababu filamu inauliza swali la kweli, na inatoa jibu la uongo. Swali la kweli ni: kijana mwenye hana nafasi aende wapi? Jibu la uongo ni: achukue bunduki, atashinda, na hatakufa.

Sisi watu wa Maniema tunajua bunduki bila msaada wa televizio. Mimi nilizaliwa mwaka wa 1998, mwaka wenye RCD ilikamata Kindu, mwezi wa kumi, wakati AFDL ilikuwa imepita mwaka mbele yake. Hakuna mtu wa hapa mwenye hana ndugu aliyekimbilia pori. Na sisi tunajua mambo yenye filamu haionyeshi kamwe. Ndani ya Commando hakuna mtu anauliza nani atazika. Hakuna mtu analima. Hakuna mtu anarudi kwenye shamba lake nyuma ya miezi mitatu anakuta mihogo imeibiwa, mbegu ya mpunga imekwisha kuliwa na msimu umepita. Vita inaua watu, kisha njaa ya mwaka wenye unafuata inaua tena. Hiyo filamu ya pili hakuna chaneli inaipanga.

Na kijana mwenye anajua swali, lakini hakuna mtu wa kumuonyesha ile filamu ya pili, ndiye anakuwa wa kuogopwa.

7. Mimi naomba tufanye hivi

Kwanza, tusitie sahihi kwenye ile barua. Sali zikifungwa, filamu hazitaondoka. Zitaingia kwenye telefone, ndani ya nyumba, mahali hakuna mkubwa wala mwenzako wa kubishana naye. Leo angalau tunaona pamoja.

Pili, tuandike barua yetu, pamoja na wazazi na wenye sali, juu ya saa na umri. Watoto wa shule ya musingi watoke mbele ya saa kumi na mbili za jioni. Kwa wakubwa wao kuko alama yenye inatusaidia bila kulipa kitu: chaneli zenye kufuata kanuni za Ufaransa zinaweka kwenye kona ya ekra kaduara kenye namba: -10, -12, -16 ao -18. Maana yake filamu haifai kwa watoto wa chini ya ile miaka. Kwenye sali yetu hakuna mtu alikuwa anajua ile namba ni ya nini. Moja alisema ni namba ya chaneli. Tuandike maana yake kwenye karatasi, tuibandike kwenye mlango. Mwenye sali ninayezungumuzia amekubali, juu mzazi mwenye hana kasirani anamuacha mtoto aje Jumamosi mchana.

Tatu, jioni moja ndani ya kila abonema, umoja wetu uchange esanse ao tulipe nafasi ya bateri, na tuchague filamu sisi wenyewe. Tuanze na Rambo ya kwanza. Moja wetu mwenye mdomo mzuri asimame aseme kwa Kiswahili, sawa vile wanafanya wale wa Kampala na wa Dar. Katikati tuzime sauti, na tuulize maswali matatu: Nani alifukuzwa, na kwa nini? Nani analipa bei ya kila risasi? Kesho yake asubuhi, nini inabaki? Hayo maswali hayahitaji diploma. Mchimbaji moja alikwisha kujibu la kwanza bila mtu kumuuliza.

Kuko mwenzetu moja alinijibu: «Sasa wewe agronome, unaacha muhogo unaenda kulima televizio?» Ndiyo. Kichwa cha kijana ni shamba pia. Shamba lenye unakataza watu kupanda halibaki tupu. Majani yanaota yenyewe. Ni bora tuingie na jembe.

Mkutano ni Jumamosi nyuma ya soko. Mwenye kutaka kutia sahihi kwenye barua ya wazazi aje na sababu zake, tutamusikiliza. Mimi nitakuja na kadaftari kangu, na hesabu ya bateri: jioni moja kwa mwezi, filamu moja na saa moja ya mazungumuzo, ni karibu wati-saa 200. Pano moja ya wati 100 inatosha, kama jua litakubali.